Mchango wa Beirut

Agosti 2020, siku chache baada ya ule mlipuko wa bandari ya Beirut, chama chetu cha akina mama kule Kisauni kikaleta hoja ya mchango, elfu moja kila mtu, zipelekwe Lebanon. Tulikuwa tunakutana mapema sababu ya kafyu ya saa tatu usiku na kila mtu alikuwa ashaiona ile video. Tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, zilikaa bandarini miaka na wakubwa wanajua, na mwishowe walikufa watu zaidi ya 200. Wenzangu wote wakakubali hapo hapo, mimi nikasema sitoi.

Yale maghala meupe ya nafaka yaliyo kando ya mlipuko nilikuwa nayaona kila siku nikiwa juu ya stuli nafuta vioo vya baraza kule Achrafieh, mtaa wa Beirut nilikokuwa msichana wa kazi, nafuta kwa siki na gazeti, madam kasimama nyuma ananionyesha alama ya kidole iliyobaki. Pasipoti yangu ilikaa kwenye droo yake tangu siku niliyofika, simu napewa Jumapili tu, nalala kwenye kijichumba cha mashine ya kufulia. Na kwa ile kafala yao, mfumo unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, ukitoka nyumba ya mwajiri bila ruhusa yake basi wewe ndio mhalifu, hata kama yeye ndio hajakulipa. Mshahara wa miezi ya mwisho sikuuona, naambiwa umeenda kwenye tiketi, nikarudi Mombasa mikono mitupu na mamangu ashakopa duka zima akitegemea hela yangu.

Dada mmoja akaniambia una roho mbaya wewe, watoto wamekufa kule. Iliniuma sana kwa sababu kuna mtoto nilimlea kwenye nyumba ile, nilimfunza kutembea mimi, na usiku wa mlipuko sikulala namuwaza yeye na vile vioo. Hasira yangu haijawahi kumgusa yule mtoto.

Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mwanangu, msiba hauchagui." Nikamjibu, "Ni kweli mama, na wafu wao nawaombea, lakini na wetu je?" Maana tangu 2019 lira yao ilianguka vibaya, dola hazipatikani, waajiri wakawa wanawashusha wasichana wa kazi na mabegi yao nje ya balozi, Waethiopia wengi sana, na mwezi ule ule wasichana wa Kenya walikuwa wanalala kwenye lami pale nje ya ubalozi mdogo wetu Beirut, wanaomba kurudishwa nyumbani. Hao nao walikuwa ndani ya mji ule ule mlipuko ukiwapiga, wengine wamekatwa na vioo, na sikusikia mtu akiwataja kwenye mchango wowote.

Basi nikaomba elfu yangu iende kwao. Kulikuwa na mabishano, mwingine akasema naleta siasa, lakini mwisho mwekahazina akapiga mstari kwenye daftari, upande mmoja Beirut, upande wa pili wasichana wetu, na akina mama kadhaa wakahamisha majina yao. Nikatuma kwa dada niliyejuana naye kule, yeye na wenzake ndio walikuwa wanawapikia. Akanipigia akaniambia wamenunua mchele, maji na pedi.

Mshahara wangu mpaka leo sijalipwa na bado naudai.