Kwa Nini Hapa, na Si Kwingine?

Katika usaili wangu wa kwanza, uliofanyika katika ofisi moja ya ghorofani jijini Dar es Salaam, niliulizwa kwa nini nataka kufanya kazi pale, nami nikajibu bila kusita kwamba kampuni ile ni kubwa, ina jina zuri na inawajali wafanyakazi wake. Maneno hayo nilikuwa nimeyakariri usiku kucha kwa Kiingereza. Sikuitwa tena. Kwa muda mrefu niliamini kwamba nafasi ile ilikuwa na mwenyewe, kama tunavyopenda kusema tunapokosa kazi, lakini leo naona kwamba jibu langu lingeweza kutolewa kwenye benki, kwenye kiwanda cha saruji au hotelini bila kubadilishwa hata neno moja.

Usaili wa pili ulikuwa Mtwara, kwa nafasi ya karani wa kupokea mizigo katika ghala kuu la korosho. Safari hii sikutafuta sifa za mwajiri. Nilijiuliza ghala lile linafanya nini hasa, na ni nani anayeumia linapokosea. Sikuhitaji kwenda mbali, kwa sababu nimelelewa na bibi mkulima wa korosho wilayani Newala. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005 na ambao kwa korosho ulianza kutumika mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika, zikapimwa, kisha zikasafirishwa hadi ghala kuu kusubiri mnada, na yeye hulipwa baada ya mnada huo. Kati ya mizani ya chama na mizani ya ghala hupotea kilo. Sehemu ya kilo hizo ni unyaufu wa kweli, maana korosho ambazo hazikuanikwa vya kutosha huendelea kukauka na kupungua uzito, lakini mkulima asiyeelezwa huona ameibiwa, na msimu unaofuata humuuzia mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mfumo huo, korosho zingali mtini, kwa bei ya kutupa, ili mradi ashike fedha mkononi. Bibi alifanya hivyo mwaka mmoja, na hatukumlaumu, kwa kuwa hata salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, alikuwa bado anadaiwa.

Basi mwenyekiti wa jopo, mama mmoja wa makamo, aliponiuliza swali lilelile, nilimjibu: "Mama, kwanza nahitaji kazi, na hilo sitalificha. Lakini nimeomba hapa kwa sababu bibi yangu amekatwa kilo mara nyingi bila kuambiwa sababu, na mtu anayeweza kuijua sababu hiyo ni karani anayesimama kwenye mizani yenu. Nimesomea uhasibu, na Kimakonde ninakisema, kwa hiyo naweza kuandika tofauti ya uzito na unyevu wa kila mzigo, na kuieleza kwa viongozi wa chama wakaielewa."

Mjumbe mmoja akanibana: "Na ikiwa mizani yetu ndiyo mbovu?"

Nilikiri kwamba hilo sikuwa nimelifikiria, nikasema ningeomba mzigo upimwe upya mbele ya mwakilishi wa chama kabla sijatia saini. Hawakunisifu. Waliniuliza tu kama najua kutumia chombo cha kupimia unyevu, nikasema sijui.

Kazi niliipata. Msimu uliopita nilikaa upande wa pili wa meza, tulipokuwa tukiajiri makarani wa msimu, na karibu wote walilisifu ghala letu kwa maneno yaliyonikumbusha ile ofisi ya ghorofani. Kijana mmoja alisema anaitaka kazi hii kwa kuwa kwao ni nyuma ya uzio wa ghala, kwamba kila alfajiri husikia malori yakipiga honi yakisubiri lango lifunguliwe, na kwamba yeye anaweza kufika kabla yao. Nilimpa alama za juu kuliko wote, ingawa mwenzangu alidhani kijana anatania.