Wimbo wa mwisho wa upande

Pitia mpangilio wa nyimbo kwenye santuri za roki za miaka ya 1970, utaona tabia moja. Led Zeppelin, kwenye albamu yao ya nne ya 1971, waliiweka "Stairway to Heaven" mwisho wa upande wa kwanza na "When the Levee Breaks" mwisho wa upande wa pili. The Who, mwaka huohuo, wakaifunga albamu ya Who's Next kwa "Won't Get Fooled Again". Lynyrd Skynyrd, 1973, wakamalizia kwa "Free Bird". Pink Floyd, 1979, wakaiacha "Comfortably Numb" imalize upande wa tatu wa The Wall. Na mzaliwa wa Unguja, Freddie Mercury wa Queen? "Bohemian Rhapsody" iko karibu kabisa na lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri, kwenye A Night at the Opera ya 1975. Baada yake kimebaki kipande kifupi tu cha wimbo wa taifa wa Uingereza.

Kwa msikilizaji ndiyo raha yenyewe: upande unapanda, unapanda, halafu bomu. Kwa sindano ni mateso, kwa sababu nyimbo hizo zimewekwa mahali pabaya kuliko pote kwenye santuri.

Hesabu yake si ngumu. LP, yaani santuri ya albamu nzima, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Mwanzoni, sm 14.6 kutoka katikati, mfereji uliochongwa sauti hupita chini ya sindano kwa kasi ya sm 51 kwa sekunde. Ukifika sm 6 kutoka katikati, kasi imeshuka hadi sm 21. Mlio mkali wa hezi 10,000 (mitikisiko 10,000 kwa sekunde), kama "s" ya mwimbaji au mchakacho wa matoazi, ambao kule nje wimbi lake lilijinyoosha kwenye maikroni 51 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), huku ndani limebanwa kwenye maikroni 21. Sasa chukua sindano ya bei nafuu yenye ncha ya duara: nusu kipenyo cha ncha yake ni kama maikroni 15 hadi 18. Haiwezi kuingia kwenye kona finyu kiasi hicho. Inaparaza juu juu, na unachosikia ni "s" zilizochanika.

Ndiyo maana naupima mtambo wa santuri kwa dakika tano za mwisho za upande, si kwa wimbo wa kwanza. Wimbo wa kwanza husikika vizuri hata kwenye mashine ya ovyo.

Kabla ya sindano, kasi. Hapa wengi wanaoletewa mashine na ndugu kutoka Marekani huumia. Umeme wa kule ni volti 120 na hezi 60. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma itakupunguzia volti, lakini hezi haizigusi. Mashine ya zamani yenye mota ya AC inayofuata hezi za ukutani itazunguka kwa asilimia 83 ya kasi yake, yaani mizunguko 27.8 badala ya 33.3. Muziki unashuka zaidi kidogo ya nusu toni tatu na Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin, anageuka mwimba besi. Dawa yake ni kubadilisha puli ya mota, ile gurudumu ndogo inayovuta mkanda, uweke ya hezi 50 ambayo kipenyo chake ni kikubwa kwa asilimia 20. Mashine zenye mota ya DC, au zile zinazoongozwa na kwatzi, hazina tatizo hili; hizo zinahitaji volti sahihi tu.

Kupima huhitaji kifaa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayobeba santuri, weka santuri, teremsha sindano (msuguano wake nao huhesabika), kisha hesabu mizunguko 100 ukiwa na saa ya simu. Inatakiwa iishe kwa dakika 3 kamili. Ikichukua dakika 3 na sekunde 36, hiyo ni mashine ya hezi 60. Ikiwa kasi inayumba, kwanza shuku mkanda: mpira uliozeeka hulegea na kung'aa. Mpya ni bei ndogo.

Halafu uzito wa sindano. Kila katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ina kipimo chake kwenye karatasi ya kiwanda. Ortofon 2M Red, kwa mfano, hutaka gramu 1.8, na Audio-Technica VM95E gramu 2.0. Ondoa kinga ya sindano, weka kizuia mvuto (kile kinachopinga mkono kuvutwa ndani) kwenye sifuri, kisha zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono unaobeba katriji uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka. Sasa shika uzito usisogee, geuza ile pete ya namba peke yake isome 0. Baada ya hapo zungusha uzito wote, pamoja na pete, mpaka namba unayoitaka. Kosa la kila siku ni kugeuza pete peke yake katika hatua hii ya mwisho: namba inasoma 1.8, mkono haujaongezewa hata chembe. Mizani ndogo ya kidijitali inayopima hadi gramu 0.01 inamaliza ubishi wote.

Watu huogopa uzito mwingi, wakaweka gramu 1 "ili santuri isiliwe". Wanakosea. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji, na ni huko kurukaruka kunakomega kuta. Ukikosa uhakika, egemea upande wa juu wa kipimo cha kiwanda, si wa chini.

Linalofuata ndilo linalookoa wimbo wa mwisho: kunyoosha katriji. Mkono unaozunguka kwenye egemeo moja hukata njia ya tao, wakati santuri ilichongwa kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo sindano hukaa sawasawa na mfereji katika sehemu mbili tu. Kwa mpangilio unaotumika sana ni mm 66 na mm 120.9 kutoka katikati. Kipimo cha karatasi kinapatikana bure mtandaoni. Kichapishe kwa asilimia 100. Printa ikiachiwa iamue yenyewe, hukibana kitoshe ukurasa wa A4, na hapo unanyoosha kwa uongo. Kipime kwa rula kwanza.

Legeza skrubu mbili za katriji kiasi cha kuiwezesha kusogea tu. Weka ncha kwenye nukta ya kwanza, angalia kama kijiti kinachobeba almasi kiko sambamba na mistari. Angalia kijiti chenyewe, si bodi ya katriji, maana vijiti vingi havijanyooka na bodi. Hamia nukta ya pili. Sogeza mbele, nyuma, geuza kidogo, rudi ya kwanza. Tenga nusu saa na taa nzuri. Ukilazimika kugusa nyaya za nyuma, nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Shika kile kibanio cha chuma kwa koleo jembamba, usivute waya, ni mwembamba kama unywele. Ukikaza skrubu, pima uzito upya kwa sababu umeuhamisha.

Kizuia mvuto kianzie namba sawa na ya uzito, halafu masikio yaamue. Mkono huvutwa ndani kuelekea lebo, hivyo sindano hulalia ukuta wa ndani, ambao ndio wa spika ya kushoto, na kuupuuza wa nje. Kama "s" zinachanika upande wa kulia peke yake, ongeza. Zikichanika kushoto tu, punguza. Zikichanika pande zote, tatizo ni uzito, mnyoosho, uchafu, au sindano yenyewe.

Kuhusu sindano, hapa ndipo ningetumia pesa kabla ya kufikiria spika. Ncha ya yai ina ukingo wa maikroni 8 hivi, nusu ya ile ya duara, na tofauti yake haisikiki sana mwanzo wa upande bali mwishoni. Familia ya VM95 ina faida kwamba bodi ni ileile. Unachomoa sindano ya duara, unachomeka ya yai au ya maikrolinia, yenye ukingo mwembamba zaidi, bila kunyoosha upya kila kitu.

Uchafu nao, hasa Pwani. Unyevu wa Dar au Mombasa huotesha kuvu kwenye majalada ya karatasi, kisha kuvu huhamia kwenye mifereji na kutoa mpasuko kama chumvi kwenye moto. Changanya mililita 750 za maji yaliyotoneshwa (distilled), mililita 250 za alkoholi ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Maji ya bomba yana chumvi na chokaa, vitabaki humo. Futa kwa kufuata mzunguko wa mfereji, usikate katikati, suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu, simamisha ikauke. Lebo isilowe. Mchanganyiko huu usiutumie kwenye santuri ngumu za zamani za kasi ya 78: alkoholi huyeyusha shelaki, utomvu uliotumika kuzitengeneza.

Zipange zikiwa zimesimama wima na zimebanana kiasi, zisilaliane. Na santuri iliyoachwa kwenye gari juani haina mjadala, hiyo ni bakuli.

Ukifanya yote haya na "s" bado zinachanika sehemu ileile, iinamishe santuri chini ya taa. Mifereji iliyogeuka kijivu karibu na lebo imeshakwanguliwa na sindano mbovu ya mwenye nayo wa kwanza, na hakuna kipimo kitakachoirudisha. Tafuta nakala nyingine, au toleo la kasi ya 45 lililogawanywa kwenye santuri mbili: kasi imepanda kwa asilimia 35, na wimbo wa mwisho umesogezwa nje, mbali na lebo.

Toleo la kwanza la Uingereza la Sgt. Pepper's la Beatles, la 1967, lina ziada. Baada ya "A Day in the Life" kuna mlio mwembamba wa hezi 15,000, ambao masikio ya watu wazima wengi hayaupati, kisha maneno ya kipuuzi yamechongwa kwenye duara la mwisho kabisa, yakijirudia hadi mtu aje ainue mkono. Mashine inayojiinulia mkono yenyewe itakukatia.