Ukungu ndani ya skrini ya kompyuta: nilivyoukausha mpaka ukaisha

Asubuhi ya kwanza nilidhani ni uchafu tu. Nimeamka, nimewasha kompyuta ya mezani kama kawaida, skrini ikawaka, alafu kule juu kushoto nikaona kama mtu kahemea kioo, doa la ukungu ukubwa wa kiganja, kingo zake zimepindapinda. Nikachukua kitambaa nikafuta. Halitoki. Nikafuta tena kwa nguvu kidogo, kitambaa kinateleza juu ya kioo kikavu kabisa na doa liko palepale, hapo ndo nikaelewa kwamba liko ndani. Nikasogeza uso karibu nikaona na matone mawili madogo yamening'inia chini ya ule ukungu, kila tone lina kidoti cha mwanga katikati kinachong'aa kuliko sehemu nyingine yote ya skrini.

Moyo ulinipasuka, manake hii monita ndo ninayofanyia kazi kila siku na sina nyingine.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na naomba hata kama hutasoma mengine yote hapa ushike hiki, nilizima na nikachomoa plagi kwenye soketi. Sio kuzima kwa kitufe tu, kuchomoa kabisa, alafu nikabonyeza kitufe cha kuwashia nikakishikilia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani upungue. Watu wengi wakiona ukungu wanaiacha iendelee kuwaka eti joto lake litakausha, na kiukweli kuna wakati hilo linafanya kazi, nitalifikia, ila sio kama unaona matone. Maji yakikutana na umeme kwenye chuma ndo kutu inakimbia haraka. Pembeni mwa kioo cha skrini kuna tepe nyembamba za waya zinazopeleka picha kwenye pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, nyembamba kweli kweli, na zikianza kuliwa na kutu ndo unaona mistari ya wima inatokea, mmoja leo, wiki ijayo mitatu, na ile mistari haina kukaushwa, hapo panel, kile kioo chenyewe kinachoonyesha picha, imekwenda. Ukungu wenyewe haujaharibu kitu bado. Umeme juu ya maji ndo unaharibu.

Nikampigia kaka mmoja ambaye ni fundi wa vitu vya elektroniki. Kabla sijamaliza kueleza akauliza, "Mdogo wangu, umeshaipiga na ile mashine ya kukaushia nywele?" Nikamwambia hapana kaka, ila nilikuwa naifikiria. Akasema, "Usithubutu. Iache ilivyo, niambie kwanza maji yameingiaje."

Na hilo swali la yameingiaje ndo nimekuja kuona lina uzito kuliko swali la nitayatoaje, kwa sababu ukikausha bila kujua chanzo yanarudi.

Mimi nilidhani ni dawa ya kusafishia kioo. Siku mbili kabla nilikuwa nimeipulizia moja kwa moja kwenye skrini, kosa ambalo wengi tunalifanya, kimiminika kinateremka taratibu mpaka kwenye ukingo wa chini, kinaingia kwenye ule mwanya kati ya kioo na fremu ya plastiki, alafu kinapanda chenyewe katikati ya tabaka kama wino unavyopanda kwenye karatasi. Lakini fundi akaniuliza doa liko wapi, nikasema juu kushoto. Akasema basi sio dawa, dawa ingeanzia chini. Akauliza kiyoyozi kiko wapi. Nikageuka nikaangalia. Kiko ukutani nyuma ya meza, na yale mabapa yake ya kuelekeza upepo yameelekea moja kwa moja kwenye kona ya juu ya monita, kona ileile. Usiku nalala nacho kinawaka, asubuhi nakizima, nafungua madirisha yote hewa iingie, nakaa, nawasha kompyuta. Kila siku hivo hivo. Na wiki ile mvua ilikuwa hainyamazi.

Sasa hapa nieleze vizuri kidogo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sielewi. Hewa yenye joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa ikiwa na nyuzi 30 inaweza kubeba karibu gramu 30 za mvuke, ila ikishuka mpaka nyuzi 20 uwezo wake ni gramu 17 hivi, kinachozidi lazima kigeuke maji, kitue mahali. Ndo maana glasi ya maji ya baridi inatoa jasho nje, lile jasho halijatoka ndani ya glasi, limetoka kwenye hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kuangusha maji ikigusa kitu chochote chenye joto la nyuzi 26 kushuka chini. Kwa hiyo monita yangu imelala usiku mzima inapulizwa baridi, plastiki na kioo na kila kitu ndani vimepoa labda mpaka nyuzi 20, alafu asubuhi naifungulia hewa ya nje yenye joto na imejaa mvuke. Ile hewa inaingia kwenye matundu ya nyuma, inakutana na kioo cha baridi, inaacha maji palepale. Ni jambo lilelile linalotokea ukiitoa monita kwenye gari lenye baridi au stoo ya baridi ukaileta chumba chenye joto ukaiwasha hapohapo.

Na kwa nini haukauki wenyewe kama kwenye kioo cha dirisha? Kwa sababu skrini sio kioo kimoja. Nyuma kuna karatasi inayorudisha mwanga, mbele yake bamba la plastiki angavu linalosambaza mwanga wa taa ndogo zilizopangwa ukingoni, alafu karatasi mbili tatu za plastiki za kulainisha na kuelekeza ule mwanga, ndo mbele yake inakuja panel yenyewe yenye vioo viwili vyembamba na fuwele za kimiminika katikati. Zile karatasi zimelaliana, mwanya wake ni mwembamba kama unywele, maji yakiingia pale yanajishika, hayana pa kutokea isipokuwa pembeni. Kwenye dirisha ukungu unaisha dakika tano. Hapa ni siku.

Basi nikaanza kazi. Monita nikaitoa kwenye ile meza, nikaipeleka chumba kingine kikavu zaidi, nikaisimamisha wima kama inavyosimama siku zote. Usiilaze kifudifudi, matone yatatambaa yasambae kati ya karatasi na utapata madoa sehemu ambazo hayakuwepo. Nikaweka feni umbali wa mita moja hivi, upepo wa kawaida usio na joto, unapita ubavuni mwa matundu ya nyuma sio kupuliza ndani moja kwa moja, ukipuliza ndani unasukuma na vumbi, na vumbi likikutana na unyevu linakuwa tope kwenye zile karatasi. Nikaiacha hivo siku mbili nzima, saa 48, bila kuiwasha hata mara moja.

Kuhusu mashine ya nywele, sababu ya fundi kunikataza ni hii. Monita nyingi zimeandikwa kwamba hata zikiwa zimezimwa zisizidi nyuzi 60. Ile mashine ukiisogeza karibu inapita hapo kirahisi sana, na zile karatasi za ndani zikipata moto zinajikunja, zikishajikunja hazinyooki tena, utaona mawimbi ya kivuli kwenye picha nyeupe maisha yote ya hiyo monita. Kuianika juani nako ni hivohivo, skrini ni nyeusi inavuta joto vibaya mno. Na kuifukia kwenye mchele sishauri kabisa, mchele unavuta unyevu kidogo sana na unaacha unga unaoingia kwenye matundu.

Kilichofanya kazi kwangu baada ya feni ni silika jeli, vile vipakiti vyenye punje ndani vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na mabegi. Nilikuwa navikusanya miaka bila sababu ya maana, nikawa navyo kama 30. Nikachukua mfuko mkubwa wa plastiki mzito, nikaingiza monita bila stendi yake, vipakiti nikavipanga nyuma karibu na matundu, nikatoa hewa nyingi niwezavyo nikafunga mdomo wa mfuko kwa tepe ya gundi. Hewa inavyobaki kidogo zaidi ndivyo vizuri, manake silika inapoteza nguvu kwa kunyonya unyevu wa hewa ya mfuko badala ya kunyonya wa kwenye skrini. Silika nzuri inaweza kunyonya kama theluthi moja ya uzito wake, ila vile vya zamani vilivyokaa wazi vimeshashiba, havinyonyi kitu, kwa hiyo kabla ya kuvitumia inabidi vikaushwe. Mimi nilimimina punje kwenye trei ya chuma nikaziweka kwenye oveni nyuzi 120 saa mbili, karatasi zake nikazitupa, punje nikazifunga upya kwenye kitambaa chepesi. Kama zako ni zile za bluu zinazogeuka pinki zikishiba, zile zina kobalti, ni sumu, usizishike kwa mikono mitupu wala kuziweka kwenye oveni ya chakula, tafuta za rangi ya chungwa au nyeupe.

Siku tatu ndani ya mfuko. Siku ya kwanza nilikuwa nachungulia kila baada ya saa moja, nikamulika kwa tochi kwa pembeni, sioni tofauti yoyote. Siku ya tatu nikaitoa, nikaiacha nje ya mfuko saa moja, nikachomeka, nikawasha na picha nyeupe tupu. Matone hayapo. Ukungu umebaki ukubwa wa kidole gumba, umejikusanya kwenye kona kabisa.

Hapo ndo ikaja ile habari ya joto lake lenyewe. Kama hakuna matone, kumebaki mvuke tu mwembamba, taa za skrini zenyewe zinaweza kumalizia. Nikaweka picha nyeupe, mwanga nikapandisha juu, nikaiacha saa mbili huku nimekaa naiangalia, nikapiga picha kwa simu kila nusu saa ili nisijidanganye na macho. Picha ya kwanza kidole gumba, ya pili kucha, ya nne hamna. Kama doa lingekuwa halibadiliki kabisa kwa masaa yote yale ningejua sio unyevu, labda ni alama ya kubonyezwa au gundi ya ndani imeachia, manake unyevu lazima ucheze, unakua au unapungua skrini ikipata joto. Kilichotulia tuli sio maji.

Kuna alama imebaki. Mstari hafifu wa upinde pale ulipokuwa mpaka wa ukungu, ni vile vitu vilivyomo kwenye maji vinavyobaki maji yakiondoka. Kwenye picha ya kawaida huuoni, ukifungua ukurasa mweupe unauona. Kuutoa lazima kufungua mpaka kwenye karatasi za ndani, na mimi sifungui. Ndani kuna bodi ya umeme yenye kapasita ambazo zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa, na monita za zamani zenye taa za mirija ndo balaa zaidi, umeme wake unafika mamia ya volti na kuzidi. Kama hujawahi, mpelekee anayejua. Na kama yako bado ina waranti uliza kwanza kabla hujagusa skrubu hata moja.

Nilichobadilisha ni vitu vichache. Mabapa ya kiyoyozi nimeyageuza yapulize juu. Meza nimeivuta mbali na ukuta, kiasi cha mkono kupita nyuma ya monita. Dawa napulizia kwenye kitambaa, mbali na skrini. Na asubuhi nikishafungua madirisha siwashi kitu mpaka lipite saa moja, kioo kipate joto sawa na chumba, nakigusa kwa nyuma ya kiganja na kikiwa bado kina ubaridi nangoja. Nimenunua na kipima unyevu kidogo kimekaa pembeni ya kibodi, nataka kisome kati ya 40 na 60. Leo asubuhi kimesoma 78, mvua inanyesha tena, kwa hiyo haya yote nimeyaandika kwenye simu, skrini bado sijaiwasha.