Somo la Stoli Katika Kiti cha Kulia

Nilipoanza mafunzo ya ualimu wa urubani nilikuwa nimekwisha kuzoea ndege za injini mbili, lakini siku ile nilihamishiwa kiti cha kulia, naye mwalimu wangu akakaa kushoto akijifanya mwanafunzi. Somo lilikuwa stoli, yaani hali ambayo mbawa huacha kuibeba ndege kwa kuwa zimeikabili hewa kwa pembe kubwa kupita kiasi. Marubani wengi huogopa kasi ndogo, ilhali kiini cha jambo ni pembe hiyo.

Tulipanda juu sana kwanza. Kanuni za mtihani wa Marekani, ambazo ndizo tulizozifuata, zinataka ndege ya injini mbili iwe imekwisha kutoka katika stoli kabla ya kushuka chini ya futi 3,000 kutoka ardhini, wakati ile ya injini moja huruhusiwa hadi futi 1,500. Tahadhari hiyo ina sababu: ndege ndogo za injini mbili hazilazimiki kuthibitishwa kwamba zinaweza kutolewa katika mzunguko wa kuanguka, ambao stoli huweza kuuzaa, kwa hiyo ni heri usiingie humo kabisa.

Tuligeuka huku na huku kuhakikisha anga ni tupu. “Mwanafunzi” alipunguza nguvu, akateremsha magurudumu na flapu, yaani vibao vya nyuma ya mbawa, akavuta usukani taratibu hadi king'ora kikalia na ndege ikatetemeka. Alishusha pua vizuri, kisha akasukuma vishikio vya nguvu, ila cha kushoto akakitanguliza kusudi. Pua ikavutwa kulia na bawa la kulia likaanza kuinama. Mkono wangu, ambao tangu mwanzo nilikuwa nimeuweka karibu na vishikio hivyo, ulivirudisha vyote viwili nyuma kabisa. Nikakanyaga pedali ya kushoto, nikaiacha pua chini mpaka kasi ikapita mstari mwekundu wa chini katika kipimo cha kasi, ndipo nikaongeza nguvu pande zote mbili kwa pamoja.

“Mwalimu, mwanafunzi wako ni hatari,” nilimwambia.

“Wako watamzidi,” alijibu, kisha akanitaka nimweleze kwa nini hatufanyi zoezi hilo huku injini moja ikiwa imezimwa.

Kujibu kulinitoa jasho kuliko stoli yenyewe. Nilieleza kwamba mstari mwekundu huo huonyesha kasi ambayo chini yake usukani wa mkia huenda ukashindwa kuzuia msukumo wa injini iliyobaki. Kwamba injini za kawaida, zisizo na turbo (kifaa cha kuzishindilia hewa), hupungukiwa nguvu kadiri ndege inavyopanda, kwa hiyo kasi halisi ya kupoteza udhibiti nayo hushuka, ilhali kasi ya stoli katika kipimo haibadiliki. Na kwamba, huko juu, mambo hayo mawili yakikutana, ndege huweza kupinduka kabla rubani hajatambua.

Aliniruhusu nimalize, akakunja magurudumu na flapu, akaniambia nimfundishe stoli ya kupaa.