Kiduha kikijaa shambani: uzoefu wangu wa kusoma udongo

Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, ambalo wenzetu wa Nyanza huliita kayongo, kina ua la pinki la kupendeza, na nakiamini kama kipimo cha udongo kuliko umanjano wa majani. Kikijaa kwenye mahindi au mtama, mara nyingi udongo umeishiwa naitrojeni na fosforasi. Mahindi yenye njaa hiyo hutoa mizizini kemikali nyingi za kuwaita kuvu wanaoyatafutia fosforasi. Mbegu za kiduha zilizolala ardhini nazo huusikia mwito huo, zikaamka na kujipachika.

Kabla ya kusingizia ukame, nachimbua shina moja la mahindi yaliyonyong'onyea ilhali mvua ipo. Usilivute, kiungo cha kiduha na mzizi wa mahindi kitakatika. Kata bonge la udongo, sentimita 20 hivi kila upande, litumbukize kwenye ndoo ya maji, uache udongo uyeyuke wenyewe. Kama ni kiduha, utaona vichipukizi vyake vyeupe vyenye magamba, vimeganda kwenye mzizi kama kupe. Juu hakijaonekana kitu, na hasara imeshaingia.

Ndiyo maana kung'oa hakuokoi mahindi ya msimu huu. Nang'oa kwa ajili ya miaka ijayo: mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Nang'oa kabla ya maua. Kilichokwisha kuchanua nakichoma, sikilishi ng'ombe, maana mbegu hurudi shambani na samadi.

Dawa yenyewe ni kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, mbinu iliyotafitiwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha kisha huzizuia kushika mahindi, na udongo hupata naitrojeni. Kati ya mistari ya mahindi naacha sentimita 75. Kilo 1 ya mbegu za desmodiamu inatosha ekari. Ni ndogo mno, kwa hiyo konzi moja nachanganya na konzi mbili za mchanga laini, namwaga kwenye kifereji cha sentimita 1 hadi 2 katikati ya mistari, nafukia kidogo tu. Ikizama zaidi haioti.

Wengi hushindwa kwenye palizi, wiki ya 3 na ya 6. Desmodiamu changa hukua kwa kujivuta, na kibarua asiyeijua huilima pamoja na magugu. Mimi huchomeka vijiti mwanzo na mwisho wa kila mstari. Msimu unaofuata naifyeka, nawapa ng'ombe, nalima katikati tu bila kugusa mashina yake.