Nilimwambia Mama chuo kimefungwa

Uongo ule niliutunga ndani ya boti, kabla hatujafika bandari ya Mkoani, Pemba. Nilipoingia kwetu Tumbe, Mama aliniuliza mbona naja bila hata kupiga simu, nikamjibu chuo kimefungwa wiki mbili. Akaniangalia, kisha akaenda kunibandikia chai.

Nilikuwa nina siku 34 sijafungua barua pepe hata moja ya msimamizi wangu. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili, Unguja, nataka kupima joto la maji kwenye mashamba ya mwani wakati wa kupwa. Siku ya kuwasilisha pendekezo la utafiti, mmoja wa wanajopo aliniuliza kwa nini nimechagua kupima mbali vile na ufukwe. Jibu nilikuwa nalo. Kotonii ya Mama, aina ya mwani anaoulima, iliharibika misimu miwili mfululizo, ikapauka na kukatikakatika, akazisogeza kamba zake mbele, penye maji yasiyochemka na jua. Lakini jibu lile lilikuwa la Mama, tena kwa Kipemba, na mle ukumbini Kiingereza kilikuwa kinawatoka watu kama maji. Nikasimama kimya. Mtu mmoja akanisogezea chupa ya maji ya kunywa, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

Tangu hapo, jina la msimamizi likitokea tu kwenye simu, tumbo linanikata. Niliamini kabisa kuwa nilichaguliwa kwa makosa, na kwamba barua zile zinaniambia nirudi kwetu. Basi nikarudi mwenyewe.

Lilikuwa bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana. Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, na mwenye kamba zake baharini hana siku ya kuipoteza kabla ya maji mafu, yasiyopwa sana. Nikakaa na Mama mchangani tukafunga mbegu. Kipande cha mwani unakibana kwa kidole gumba, unapitisha taitai, kile kikamba chembamba, unakaza. Ukizidisha kinakatika, ukilegeza bahari inakichukua. Mikono yangu ilikuwa imesahau. Vipande vyangu vitatu vikadondoka, Mama akaviokota kimoja kimoja, akavifunga upya. Vidole vyake vilikuwa vimechanjwachanjwa na kamba, chumvi imekaa ndani ya mikato.

Siku ya tatu nikasema, macho yangu kwenye kamba:

"Mama, chuo hakijafungwa."

"Najua. Mtoto wa jirani yuko huko huko, juzi kapiga simu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ulikuwa huli, mwanangu. Nilitaka ule kwanza."

Nikalia. Yeye akaendelea kufunga, bega lake limegusana na langu.

Usiku, barazani, nikazifungua barua zote, nikianza na ya zamani. Zilikuwa saba. Ya kwanza iliandikwa jioni ya siku ile ile niliyowasilisha: swali lile ni zuri, nimwandikie jibu lake ukurasa mmoja, kwa lugha yoyote. Ya tano ilikuja na makala ya mwaka 1978 ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes. Walifanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa, wenye shahada na sifa zao, na bado wanawake hao waliamini moyoni kuwa wamewadanganya watu na iko siku watagundulika. Nilisoma mpaka chaji ikaisha, nikaichomeka simu, nikasoma tena nimechutama ukutani. Sikupona usiku ule. Hofu ile ninayo hata leo nikisimama mbele ya watu. Ila nilikuwa nikidhani ni aibu yangu peke yangu, mtoto wa Tumbe aliyepanda boti lisilo lake.

Ya saba haikuwa na neno la masomo. "Upo salama? Nijibu hata neno moja."

Siku zote zile mtu alikuwa ananitafuta, na mimi najificha nikidhani nafukuzwa.

Asubuhi nilimuuliza Mama, neno kwa neno, aliona nini siku aliyoamua kuhamisha kamba, nikaandika kama alivyosema. Nikamtumia msimamizi ukurasa ule, na chini yake: "Nipo salama. Nipo kwetu Pemba namsaidia Mama. Maji mafu yakiingia nitarudi."