Misumari sita

Misumari ile niliipigilia mwenyewe, inchi tatu, sita kwa hesabu. Fundi seremala wa Magomeni alikuwa ameuacha ubao wa chini wa kibubu changu cha akiba ukizidi kidogo pande zote mbili, nami nikaubana kwenye ubavu wa kitanda changu mpaka mbao zikawa kitu kimoja. Hiyo ilikuwa Juni 2011. Desemba nilitaka kuing'oa, na sikuweza.

Nilikuwa na miaka 19, konda wa daladala ya Ubungo–Kariakoo. Tuliishi Jangwani, Dar es Salaam, bondeni kabisa: mama, mdogo wangu wa kike na mimi. Konda hana mshahara. Alfajiri mnaanza kutafuta hesabu ya tajiri mwenye gari, halafu mafuta, na kinachobaki usiku mnagawana na dereva. Siku nzuri nilirudi na elfu kumi, siku mbaya elfu tatu, na zote ziliishia njiani: chipsi mayai, soda, vocha, kumkopesha huyu na kumtoa yule. Hela ya kila siku inadanganya. Unajua kesho itakuja nyingine, kwa hiyo ya leo huionei uchungu.

Suka wangu, yaani huyo dereva, alikuwa mtu mzima, amejenga Mbagala kwa hela hiyohiyo ya barabarani. Ndiye aliyenipeleka kwa fundi na kunipa sharti: elfu mbili zinaingia kila usiku kabla sijala, hata kama nimepata elfu tatu. Nikifikisha ada nikasome udereva VETA, chuo cha ufundi stadi cha Chang'ombe, nishuke mlangoni nikae kwenye usukani. Nilianza Aprili. Wiki za mwanzo nililala na njaa ya uongo, ile ya mtu aliyekula ugali nyumbani lakini anaikumbuka chipsi. Baadaye ikaisha.

Mwezi wa pili nikagundua kwamba ukikiinamisha kibubu na kupenyeza kisu cha mezani kwenye tundu, noti inateleza juu ya kisu mpaka nje. Nikatoa elfu sita. Wiki iliyofuata nikatoa nne. Suka aliponiuliza kibubu kinaendeleaje nilimwambia ukweli, kwa sababu yeye sikuweza kumdanganya. Hakucheka.

"Dogo, kibubu ni kile kisichofunguka. Hicho chako ni mfuko."

Ndiyo maana ya misumari. Kibubu kisichoinamishwa hakichokoleki.

Usiku wa kuamkia Jumanne ya tarehe 20 Desemba mvua ilianza na haikukoma. Huwa naamka saa kumi kuwahi gari. Siku hiyo niliweka miguu chini nikakanyaga maji. Nilipowasha tochi ya simu yalikuwa yamefika magotini, meusi, yanazunguka na ndala zetu. Mama alikuwa tayari amembeba mdogo wangu mgongoni. Nje watu walikuwa wanaitana juu ya mabati.

Mimi nilipiga magoti kando ya kitanda. Niliuvuta ule ubao kwa mikono, nikaukanyaga kwa kisigino, haukutikisika. Maji yakapanda kiunoni. Mama akarudi mlangoni.

"Unang'oa nini wewe, maji yanapanda!"

"Mama, hela."

Alijua nina kibubu, hakujua kuna nini ndani. Alinitazama mara moja tu, akanyoosha mkono akaukamata mchi wa kinu uliokuwa unaelea, akanipa. Niliupenyeza chini ya ubao nikabinua kwa nguvu zangu zote. Ulitoka kwa mlio wa mbao kupasuka. Mvua ile iliua makumi ya watu mabondeni mwa jiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema kubwa kama hiyo haikunyesha tangu 1954. Nikikumbuka kwamba nilimsimamisha mama kwenye maji yale na mtoto mgongoni, moyo wangu bado unaniuma.

Tulifika kwa mama mkubwa, Magomeni, mchana. Pale uani tukakivunja kwa jiwe. Sarafu zilimwagika salama, lakini noti zilikuwa bonge moja la uji. Mwaka ule ndio zilitoka noti mpya, na kila mtu alikuwa akisema zinachuja rangi ukizisugua. Nikaona miezi minane inageuka maji ya rangi. Mama mkubwa akawasha pasi ya mkaa, akatandika kanga juu na kanga chini, na wanawake wawili wale wakazipiga pasi noti zangu moja moja, bila haraka, kama nguo za sikukuu. Kanga ilipata madoa kidogo. Noti zilibaki noti. Zilikuwa 296,400 pamoja na sarafu.

Godoro, sufuria mbili, sahani, blanketi, sare na viatu vya mdogo wangu vya kufungulia shule Januari. Hakuna aliyeniomba, niliona tu hatuna. Zikabaki elfu tisini na kitu, na VETA ikasogea mbali.

Sikutaka tena sanduku. Nikasajili laini ya pili, nikamwomba mama aweke namba ya siri yeye, asiniambie. Simu ikawa yangu, namba yake. Kila jioni nikawa napita kwa wakala naweka elfu mbili, na kuweka hakuhitaji namba ya mtu. Siku tatu tofauti nilimwomba anitolee kidogo. Mara zote tatu aliniuliza, "Za ada?" nikanyamaza.

Mwaka 2013 tulikwenda Chang'ombe pamoja, yeye na kanga zake mpya. Wakala alipotuambia tuingize namba ya siri, mama aliichukua simu, akanigeuzia mgongo, akaifunika kwa pindo la kanga na kuanza kubonyeza polepole, kidole kimoja.